Laini mbili, njia moja

UE zimeisha, tumepumua kidogo. Leo niwape historia, maana hapa kampasi ukiwa na laini mbili za simu unajiona una intaneti ya akiba. Subiri kwanza.

Tuanzie Zanzibar, 1879. Mwaka huo waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden upande wa kaskazini, na Durban upande wa kusini kupitia Msumbiji. Miaka 130 baadaye, Julai 2009, ndipo mkongo wa SEACOM ukafika Dar. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, bei ya kuua mtu. Mwaka 2010 ukaja mkongo wa pili, EASSy. Tukasema sasa tuna akiba.

Akiba yenyewe inafanyaje kazi? Ni kazi ya ruta. Ruta hupeana habari za njia zilizopo; njia kuu ikinyamaza, zinahamishia mzigo kwenye nyingine bila kuuliza mtu. Wazo la mtandao wa njia nyingi liliandikwa na Paul Baran kule Marekani mwaka 1964, akitafuta mawasiliano yatakayobaki hai hata vituo vingine vikipigwa kwenye vita.

Haya, sasa Mei 12, 2024, Jumapili. Intaneti Tanzania ikayumba vibaya. Kumbe SEACOM na EASSy zote zimekatika baharini, kaskazini ya Durban. Upande wa Bahari ya Shamu nako SEACOM ilishakatika tangu Februari. Inaaminika ni nanga ya meli Rubymar iliyopigwa kombora na Wahouthi. Mikongo miwili, majina mawili, lakini ilipita pembeni kwa pembeni. Ruta hazikuwa na kosa jamani. Zilitafuta njia ya pili, zikaikuta nayo imekufa.

Sisi wa Kigoma somo hili tulishalipata kwa treni. Desemba 2009 mafuriko ya Kilosa yalibomoa reli ya kati, na safari za Dar–Kigoma zikasimama kwa miezi. Hata ungekuwa na vichwa vya treni ishirini, tuta likishaondoka na maji vyote ni mapambo.

Ndiyo maana naiwazia Kalinzi, kule kwenye kahawa. Mdogo wetu aliyemaliza form six anaomba chuo na mkopo kwa intaneti, na siku ya mwisho ikipita imepita, boom atalisikia kwa wenzake. Mwenye steshenari anaweza kufunga ruta mbili, kila moja na laini ya kampuni yake, na akajiona kamaliza. Lakini kampuni mbili huweza kutundika antena mnara mmoja, umeme mmoja. Mnara ukizima, ruta zote zinabaki kuwasha taa tu.

Kwa hiyo kabla hujanunua laini ya pili uliza maswali mawili: mnara wake uko wapi, na ukitoka hapo inapita wapi? Ruta hujua njia imekufa pale inapokufa. Kujua mapema kwamba njia mbili ni moja, hiyo kazi ni ya mtu.

Walimu wenzangu mnaokwenda field vijijini, mkaulize hilo shuleni kwenu. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.