Mji Mkongwe wa Unguja: Yanayopigwa Picha na Yaliyo Nyuma Yake

Msafiri aingiaye Unguja kwa njia ya bahari huuona mji kabla hajakanyaga nchi. Huona safu ya majumba meupe yaliyoelekea magharibi, mnara wa msikiti ukichungulia nyuma yake, na majahazi yamefunga upande wa Malindi. Haishangazi basi kwamba kila ateremkaye hapo siku hizi huwa na kamera mkononi, au simu ifanyayo kazi ya kamera. Hata watoto wetu wa Mombasa, Tanga na Lamu waendao kutembea huko wakati wa likizo au kwa arusi za jamaa, hurudi na mamia ya picha. Ukiwauliza, "Hapa ni wapi, na nani alipajenga?" wengi hunyamaza.

Makala haya yamekusudiwa wao na wazee wao. Hayamkatazi mtu kupiga picha. Kwani tungejuaje ulivyokuwa mji huu katika karne ya 19 lau si wapiga picha wa Kigoa waliofungua maduka yao hapo zamani? Na ni nyumba ngapi za Unguja zilizo na picha ya babu iliyopigwa Capital Art Studio, duka lililofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930? Picha ni shahidi, lakini shahidi huyu husema na yule tu ajuaye kuuliza.

Tuanze pale waanzapo wote, Forodhani. Bustani hii iliyo mbele ya bahari ilifunguliwa mwaka 1936 kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, na ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Kwa kuwa upande huu wa mji umeelekea magharibi, asubuhi kuta za majumba huwa kivulini na picha hutoka nyeusi. Subiri baada ya sala ya alasiri. Hapo jua hupiga kuta moja kwa moja, na chokaa hugeuka rangi ya asali. Vijana huruka baharini kutoka ukutani wakati huo, na wageni huwashindania kuwapiga picha.

Nyuma ya bustani hiyo ndipo pahala pa Beit al-Ajaib, na hapa itatupasa tusimame zaidi.

Sayyid Barghash bin Said alitawala tangu 1870 hadi 1888. Kabla ya hapo, mwaka 1859, alijaribu kumpindua nduguye Sayyid Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay uhamishoni. Huko aliuona mji wenye majumba ya fahari, mabomba ya maji na bustani. Aliporudi na kukalia kiti hakuyasahau aliyoyaona. Alileta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za kaskazini ya mji. Alileta mtambo wa kupigia chapa, vikachapwa hapo vitabu vya dini vya madhehebu ya Kiibadhi. Na mwaka 1883 alijenga jumba la sherehe la ghorofa tatu, lenye roshani pana zilizozunguka pande zote na nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli. Watu wa Unguja hawakuwa wameona kitu kama hicho, wakaliita nyumba ya maajabu.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia katika majumba ya kifalme bila ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zilifyatua mizinga kiasi cha dakika 40. Watu wapatao 500 upande wa Unguja waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm ikabomoka isijengwe tena, Beit al-Sahel ikaharibika vibaya, lakini Beit al-Ajaib ikasalimika. Mnara uliokuwa umesimama peke yake mbele ya jumba haukupona, na mwaka uliofuata ulijengwa mnara wa saa juu ya jumba lenyewe. Kwa hivyo ukipata picha kuukuu katika sanduku la bibi, tazama mnara. Ikiwa umesimama mbali na nyumba, picha hiyo ni ya kabla ya mizinga. Ikiwa umeshikana na nyumba, ni ya baadaye.

Jumba lililonusurika mizinga ya dola kubwa halikunusurika maji ya mvua na chumvi. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa katika matengenezo yaliyogharimiwa na Oman, upande mzima wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Katika miaka ishirini kabla ya siku hiyo huenda hapakuwa na nyumba katika pwani nzima iliyopigwa picha nyingi kuliko ile. Wote waliokuwa wakiipiga walisimama mbele yake. Nyufa zilikuwa nyuma na juu.

Tutazame namna nyumba hizi zilivyojengwa ndipo tufahamu. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake kiasi cha dhiraa moja. Sakafu imelazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hii hupumua. Ukipakwa chokaa kila baada ya miaka michache na paa likazibwa, hudumu karne mbili. Paa likivuja msimu mmoja, maji huingia ndani ya ukuta, chokaa hulainika, ncha za boriti huoza, na siku moja usiku wa masika majirani husikia kishindo. Fundi wa leo akiupaka saruji kwa nia njema huuziba pumzi, unyevu ukabaki ndani. Mzee yeyote wa Mji Mkongwe atakwambia haya bila kufungua kitabu.

Na nani alikuwa akipaka chokaa hiyo? Hapa wageni hawaulizi, na vitabu vyao vya safari havisemi. Nyumba nyingi za mji huu zilikuwa wakfu. Mtu alijenga nyumba, akaitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kodi yake ikatengeneza msikiti wa mtaani, ikajaza mafuta ya taa, ikalisha jamaa maskini, na sehemu ikarudi kuitengeneza nyumba yenyewe. Mwaka 1905 serikali ya himaya ya Waingereza iliweka tume ya kuzisimamia wakfu. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za mjini zilichukuliwa na serikali, zikakaliwa na familia nyingi ambazo hazikuwa na uwezo wa kuzitengeneza. Kodi ya chini ni rehema kwa mpangaji, lakini haitoshi kununua boriti. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia. Majengo yenyewe ni kiasi cha 1,700, na mamlaka yoyote ingehemewa.

Jirani na Beit al-Ajaib ipo Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatoa Wareno, juu ya mahali palipokuwa na kanisa la hao Wareno. Imekuwa gereza, imekuwa karakana ya reli ile fupi iliyokwenda Bububu, na mwaka 1949 ikawa klabu ya mabibi. Leo ni pahala pa maonyesho. Kuta zake hupendeza picha, basi tuendelee.

Ukifuata njia ya kaskazini utafika Malindi. Hapa kuna msikiti ambao mnara wake ni wa pia, mpana chini na mwembamba juu, wa namna iliyo nadra katika pwani yetu; ndugu yake wa karibu ni ule wa Shela, Lamu. Mwenye jicho atajiuliza: mji wenye misikiti ipatayo 50, mbona minara ni michache hivi? Jibu ni kwamba Maibadhi, waliokuwa watawala, walipenda msikiti uwe mnyenyekevu, bila mnara wala mapambo, na kwa mbali hutautambua na nyumba ya jirani. Mpiga picha huupita bila kuuona. Kupitwa huko kulikusudiwa na waliojenga, nami naona kuna uzuri ndani yake kuliko katika roshani zote za pwani.

Milango sasa. Hapana kitu cha Unguja kinachopigwa picha kuliko milango, nayo yastahili. Ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa Kiarabu na Kiswahili. Ule wenye upinde juu na majani mengi yaliyochongwa umetokana na mafundi wa Kihindi. Njumu za shaba zilizochongoka zina asili ya Bara Hindi, ambako husemwa zilizuia tembo wa vita wasisukume mlango. Unguja hapakuwa na tembo wa vita, zikabaki pambo. Juu ya mlango mara nyingi utakuta aya ya Qur'ani na tarehe ya Hijria. Waongozao wageni husema mnyororo uliochongwa kandokando ni alama kwamba mwenye nyumba alikuwa mwenye watumwa. Maneno haya yasipokelewe upesi. Mnyororo ni pambo la ulinzi katika nchi nyingi, na umechongwa hata katika milango ya watu wasiohusika na biashara hiyo. Lakini hadithi ya kutisha humpendeza mgeni, naye hutoa bakhshishi.

Mlango nao una adabu yake. Ukiwa wazi, ndani mna ukumbi, na ukumbini mna watu. Ukuta mrefu, dirisha la juu, njia iliyopinda ili macho yasifike ndani: vyote vilijengwa kwa ajili ya sitara. Mtu anayeingiza kamera katika mlango uliofunguliwa kwa ajili ya upepo, akampiga mama wa watu anayechambua mchele, amevunja kitu ambacho ukuta wa dhiraa moja ulijengwa kukilinda. Wageni twaweza kuwaudhuru, hawajui. Vijana wetu je? Salamu na kubisha hodi havigharimu kitu, na mara nyingi baada ya salamu hufuata kahawa, na baada ya kahawa picha yenyewe hutolewa kwa ridhaa.

Ukutani ni mtaa mdogo ambao hauna cha kumvutia mpiga picha. Hapo ndipo alipofundisha Sheikh Abdalla Bakathir (1860-1925), ambaye wanafunzi walimjia kutoka kila upande wa pwani. Pamoja naye alikuwa Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861-1925), kadhi aliyesifika kwa elimu hata nje ya Afrika. Kutokana na halka za mji huu alitoka Sheikh Abdalla Saleh Farsy (1912-1982), ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili imo katika nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu. Ukipita, simama kidogo, uwasomee Fatiha.

Kutoka hapo si mbali na Hamamni, nyumba ya kuogea aliyoijenga Sayyid Barghash kwa ajili ya watu wote, kwa maji yale aliyoyaleta mjini. Birika zimekauka tangu muda mrefu, lakini mwanga uingiao kwa matundu ya paa hufanya picha nzuri wakati wa adhuhuri.

Mwisho wa matembezi ni Mkunazini. Hapa palikuwa soko la watumwa. Sayyid Barghash, akilazimishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873, na soko likafungwa. Mwaka huo huo wamishonari waliweka jiwe la msingi la kanisa kuu juu ya uwanja huo. Wageni huteremshwa katika vyumba vya chini vya jengo la jirani na kuambiwa watumwa walifungiwa humo. Wako wanahistoria wanaosema kwamba jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kwa kazi ya hospitali. Yamkini wana haki. Lakini wako baadhi yetu wanaoidaka hoja hiyo kwa furaha, kana kwamba kosa la chumba limefuta soko. Soko lilikuwapo. Walioletwa kwa majahazi kutoka Kilwa na Bagamoyo walipimwa meno hapo, na miongoni mwa wauzaji na wanunuzi walikuwamo watu waliosali katika misikiti tuliyoitaja, ambao walijua fika kwamba kumwacha huru mtumwa kumetajwa katika Kitabu kuwa ni wema na kafara ya dhambi. Wengine waliwaacha huru wao, wakawaandikia na sehemu ya wakfu. Wengi hawakufanya hivyo.

Uani mwa kanisa kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Watalii husimama ukingoni wakapiga picha, wengine wakicheka na wenzao. Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa: hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897, nayo haikuwagusa masuria. Wao walisubiri hadi 1909, ndani ya nyumba hizi hizi ambazo milango yake tumetoka kuisifu.