Kutoka Malungu hadi Kompyuta: Istilahi za Zana katika Kiswahili kwa Kutazama Ufipa

Historia ya istilahi za Kiswahili imezoeleka kuandikwa kwa kufuata taasisi. Msimulizi huanza na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, akapita kwenye Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, akafika kwenye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI. Njia hiyo ina manufaa yake, kwani kumbukumbu za vikao zipo na orodha za maneno zimechapishwa. Hata hivyo ina upungufu mmoja mkubwa: humwacha nje mtu anayeishika zana yenyewe. Mhadhara huu unaitazama historia hiyohiyo kutoka upande wa pili, yaani kutoka mahali ambapo hapajawahi kukaa kamati yoyote ya istilahi. Mahali penyewe ni Mpui.

Mpui ni mji mdogo wa Wilaya ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, kando ya barabara itokayo Tunduma kupitia Laela hadi Sumbawanga. Wenyeji wake wengi huanza maisha kwa Kifipa, wakapokea Kiswahili shuleni, sokoni na kanisani, kisha wachache wakakutana na Kiingereza darasani katika sekondari. Kwa hiyo istilahi ya zana mpya, inapofika huko, huwa imekwisha kuvuka milango mitatu. Ni vyema kuuliza inavuka vipi, na ipi hubaki mlangoni.

Ikumbukwe kwamba Ufipa ni nchi ya ufundi wa siku nyingi. Kabla ya majembe ya kiwandani kuenea, wahunzi wa uwanda huo walikuwa wakiyeyusha mtapo wa chuma katika matanuri marefu ya udongo, mengine yakipita kimo cha mtu, yaliyoitwa malungu. Tanuri la namna hiyo halikuhitaji mivukuto: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu na mirija ya udongo iliyopangwa kulizunguka chini, moto ukawaka kwa siku kadhaa. Bonge la chuma lililotoka humo lilikuwa bado na takataka nyingi. Lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo sana, lililoitwa kintengwe, ambalo lilivuviwa kwa mivukuto. Hapo chuma kilisafishwa, kisha kikafuliwa kuwa jembe. Habari hizi ziliandikwa mapema katika jarida la Tanganyika Notes and Records, katika makala ya mwaka 1937 na mengine ya mwaka 1958, na baadaye mwanaakiolojia Bertram Mapunda alizichunguza upya, akionyesha kwamba katika eneo la Nkasi palikuwa na zaidi ya teknolojia moja ya kuyeyusha chuma.

Kwa mwanaisimu, jambo la kutazama hapa ni majina. Tanuri la kuyeyushia na tanuri la kusafishia hayakuitwa kwa jina moja lenye kuongezwa sifa, kama vile «tanuri kubwa» na «tanuri dogo». Kila moja lilikuwa na neno lake, kwa sababu kila moja lilikuwa na kazi yake, wakati wake na miiko yake. Huu ni mfumo kamili wa istilahi, uliojengwa na watu wasiokuwa na kamusi. Aliyejifunza kazi alijifunza na neno. Neno halikufundishwa peke yake. Majembe ya dukani yalipoishinda kazi hiyo katika karne ya 20, maneno yalikwenda na matanuri. Leo malungu hutajwa zaidi na watafiti kuliko vijana wa Ufipa.

Kompyuta iliingia Tanzania kwa njia iliyo kinyume kabisa cha hiyo. Ya kwanza ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Kazi za uhasibu zilizowekwa juu yake hazikwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Mwaka huohuo, kwa sadfa tu, ndipo Mkoa wa Rukwa ulipoundwa, Sumbawanga ikiwa makao yake makuu. Marufuku ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata, lakini athari yake kwa lugha ilikuwa kubwa kuliko inavyosemwa. Kwa muda mrefu kompyuta ilikuwa kitu cha kusikika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, wasomaji wake wengi walikuwa hawajapata kuiona mashine hiyo kwa macho. Wanaisimu walilazimika kuunda maneno ya zana isiyokuwa na watumiaji, na neno lisilokuwa na mtumiaji halina mtu wa kulikosoa.

Ndiyo maana majina ya mashine yenyewe yalizidi idadi ya mashine. Tarakilishi, neno lililounganisha tarakimu na akili, lilipata wapenzi wengi Kenya, hasa katika vitabu vya shule. Ngamizi nalo likatajwa. Tanzania ilishika kompyuta. Ugomvi huu umeandikiwa kurasa nyingi kuliko unavyostahili, kwa kuwa jina la mashine ndilo neno rahisi kuliko yote: lipo moja, na kila mtu analiona linarejelea nini. Ugumu umo katika maneno ya ndani, yale yanayomwambia mtu afanye nini.

Huko ndiko kulikofanyika kazi ya maana mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46 kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, ambayo mtu aliruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake bila malipo. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitia programu zake katika Kiswahili, na wataalamu wa lugha wakaketi kuandaa faharasa ya istilahi zipatazo 3,000. Wakati huo pia neno TEHAMA, kifupisho cha teknolojia ya habari na mawasiliano, lilikuwa likishindana na TEKNOHAMA. Lililo fupi ndilo lililoshinda, kama ilivyo kawaida.

Miongoni mwa maneno yaliyotokana na juhudi za miaka hiyo, bora kuliko yote pengine ni tendua. Kiswahili kina kiambishi cha utenguzi kinachogeuza tendo: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, bandika na bandua. Kukipachika kiambishi hicho kwenye tenda ni jambo ambalo lugha ilikuwa tayari kulifanya. Mwanafunzi wa Mpui asiyepata kuliona neno hilo hata siku moja analielewa mara ya kwanza, kwa sababu utenguzi wa namna hiyo ni mali ya lugha nyingi za Kibantu. Pakua nalo limekaa vizuri. Ni neno la jikoni, la kutoa chakula chunguni na kukitia sahani, na ni neno la bandarini pia, la kushusha shehena. Faili linalotolewa mtandaoni na kuwekwa katika mashine ya mtu limepata nyumba humo bila shida. Mwenzake pakia umefuata. Kivinjari kina bahati ndogo zaidi. Limetokana na vinjari, kitenzi chenye harufu ya bahari, cha chombo kinachozungukazunguka kwa kuangalia. Kwa msomaji wa Lamu picha inakuja yenyewe. Kwa msomaji wa uwanda wa Ufipa, ambako maji yapo pande zote mbili lakini ni ya Tanganyika na Rukwa, neno hilo ni la kukaririwa.

Wakati kamati zikifanya hayo, wasemaji nao hawakulala. Neno la kimataifa la kimelea kisababishacho maradhi liliingia likiwa virusi, nalo, kwa kuwa lilianza na vi-, likahesabiwa kuwa wingi, likazaliwa umoja wake, kirusi. Ndivyo lilivyofanywa neno la Kiarabu la kitabu karne nyingi zilizopita lilipopewa wingi wa vitabu. Mnyama panya, alipokuwa chombo cha mezani, aliitwa kipanya, na upatanisho ukabadilika naye: panya amekufa, lakini kipanya kimekufa. Kiambishi ki- kimemwondolea uhai kwa silabi moja. Mashine inayogoma kuendelea huambiwa imeganda, kama mafuta wakati wa baridi, na baridi ya Ufipa mwezi wa Juni hailihitajii neno hilo ufafanuzi. Kompyuta huwashwa na kuzimwa, vitenzi vya moto na taa.

Mahali ambapo maneno haya hukutana na kazi halisi katika miji midogo ya Rukwa, kama ilivyo kwingineko Tanzania, ni steshenari. Hapo mteja hutolewa kopi, ambayo ofisini itaitwa nakala kivuli; hapo hupigwa chapa barua ya kuomba kazi, husanifiwa kadi za mchango wa harusi, hulaminetiwa vyeti. Mwenye steshenari ni mhunzi wa zama hizi kwa maana kamili: amejifunza kwa kukaa karibu na aliyemtangulia, na maneno ameyapata pamoja na kazi. Kwa bahati mbaya maneno ya kazi aliyopewa yalikuwa ya Kiingereza, kwani mashine zilifika zikiwa na menyu za Kiingereza, na aliyemfundisha alizishika hivyo. Hii ndiyo sababu kubwa ya programu za Kiswahili kutoshika mizizi katika steshenari, wala si ubaya wa istilahi zake. Ilitolewa menyu bila kutolewa fundi. Mwanafunzi wa sekondari naye, anayefundishwa kwa Kiingereza, haoni faida ya kujifunza hifadhi na bandika ikiwa mtihani utamuuliza kwa lugha nyingine.

Hasara yake inaonekana katika mambo madogo. Mtu akiandika Kiswahili katika programu iliyowekwa Kiingereza, ukurasa wote hujaa mistari myekundu, na baada ya wiki chache jicho huzoea kutoitazama. Kosa la kweli hupita pamoja na maneno yaliyo sahihi. Zaidi ya hapo, programu hiyo hujisahihishia yenyewe. Sentensi kama «ingali i hai» hupewa herufi kubwa katikati, kwa sababu mashine imeamua kwamba i pekee ni nafsi ya kwanza ya Kiingereza. Dawa ni rahisi: kuteua maandishi yote, kubadili lugha yake kuwa Kiswahili, na kuzima usahihishaji wa kujiendea. Inachukua dakika moja, na hati nyingi za ofisi zingepona.

Kukagua tahajia ya Kiswahili chenyewe si kazi nyepesi. Orodha ya maneno haitoshi katika lugha ambamo kitenzi kimoja, pika, huzaa alichonipikia, hawakutupikia, tungepikishana na maelfu mengine. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alilitambua hilo mapema; tangu katikati ya miaka ya 1980 alijenga kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili kwa kutumia nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983, na mwaka 1992 akachapisha maelezo yake. Kenya, Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alitayarisha kikagua tahajia cha OpenOffice. Kazi hizi mbili ni za watu wachache mno kwa lugha yenye wasemaji wengi kiasi hiki.

Halafu kuna ritifaa. Tahajia sanifu huandika ng'ombe kwa alama hiyo ili kumtenga na sauti ya ngoma, na kwa miongo mingi taipureta ilikuwa na ritifaa moja tu, iliyonyooka. Kompyuta imeleta kadhaa: iliyonyooka, iliyopinda, na nyingine ambayo katika mfumo wa Unicode huhesabiwa kuwa herufi. Kwa jicho hutofautiana kidogo. Kwa mashine huweza kuwa vitu mbalimbali kabisa. Mtafiti anayetafuta ng'ombe kwa alama iliyonyooka aweza kukosa ng'ombe wote walioandikwa kwa alama iliyopinda, na anayehesabu maneno katika kongoo aweza kupata maneno mawili palipo na moja. Suala hili lilipaswa kuwa la kwanza katika meza za usanifishaji, kabla ya tarakilishi na ngamizi.

Simu za mkononi zimelivuruga zaidi. Katika kibodi nyingi za simu ritifaa hukaa ukurasa wa pili, nyuma ya kitufe cha tarakimu, na vijana huiacha: ngombe, ngambo, ngaa. Ng'oa, yaani kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa, yaani wivu, hukutana katika umbo moja, na msomaji hutegemea muktadha. Tahajia iliyolindwa tangu mwaka 1930 inabadilishwa na vidole gumba, Mpui kama Dar es Salaam.