Herufi Zinazotembea

Katika filamu za video za Kiswahili zilizouzwa Kariakoo tangu Girlfriend ilipotokea mwaka 2003, aghalabu majina ya wachezaji huja yakiruka na kuzunguka. Wengi hudhani kompyuta ndiyo mama wa ufundi huu. Sivyo. Mwaka 1905, huko Marekani, Edwin S. Porter alikwisha kuzichezesha herufi katika How Jones Lost His Roll: zapigwa picha, zasogezwa kidogo, zapigwa tena.

Kazi hii haidai fedha nyingi. Hutosha herufi za karatasi ngumu, kitambaa cheusi, taa, na kamera iliyofungwa isitikisike. (Mwanga wa dirishani haufai, wingu likipita, picha hufifia na kung'aa.) Video yetu hupitisha picha 25 kwa sekunde, basi herufi zikisogezwa kila baada ya picha mbili, sekunde nne zadai misogeo 50. Fundi mjanja huanza na jina lililokwisha pangwa, akalitawanya, kisha akaigeuza filamu iende kinyume.

Aliyetaabika hivyo huliacha jina likae, lisomwe. Kompyuta imeondoa taabu, nayo haraka imeingia. Hapo ndipo niwalaumupo wahariri wa filamu: jina la mshika taa, ambalo pengine ndilo sehemu kubwa ya ujira wake, hupita kabla halijasomeka.