Unamkimbia Nani?

Usiku wa kuamkia safari, bibi alinitazama nikipanga viatu, chupa za maji na pakiti ya tende juu ya mkeka.

"Kesho unakwenda Mbamba Bay kwa miguu?"

"Nakimbia, bibi."

"Unamkimbia nani?"

Nilicheka, kisha nikakosa usingizi. Kiswahili hakikutenganisha mambo haya: anayetafuta medali anakimbia, na anayeokoa roho yake anakimbia. Mmoja tunamwita mkimbiaji, mwingine mkimbizi, lakini kitenzi ni kilekile. Na hapa Mbinga, maana ya pili ndiyo kongwe.

Saa kumi alfajiri bibi alinikabidhi mfuko wa maharage, kilo tano hivi, nimpelekee rafiki yake kule ziwani. Nilimshukuru. Tulipofika barabarani nikampa mfuko mtoto wa mama mdogo, ambaye angenifuata kwa bodaboda. Mtu hakimbii kilomita 66 na maharage mgongoni.

Mapambazuko yalinikuta kwenye miteremko ya ngoro. Kwa mbali ngoro zinafanana na sega la nyuki lililotandikwa mlimani. Wakulima hukata nyasi, huzipanga kwa mistari inayokatizana, kisha huzifunika kwa udongo; katikati hubaki shimo linalopokea mvua ili isichukue rutuba bondeni. Wageni huja kupiga picha. Lakini kwanza jiulize: kwa nini watu walime kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaukanyaga kwa tahadhari? Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nchi hii kutoka kusini, na Wamatengo wengi wakapanda milimani kujificha. Walibanana huko juu, ardhi ikawa ndogo, na mteremko ukalazimika kulisha kila mtu. Uzuri ule niliokuwa nikiupita kwa mwendo wa taratibu ulikuzwa na watu waliokimbia.

Baada ya kilomita ya 30 mapaja yalianza kulalamika, nami nikaanza kujidanganya kwa historia, kama wenzangu wanavyojidanganya kwa muziki. Mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 huitwa ultramarathoni. Mashuhuri kuliko zote barani Afrika ni Comrades Marathon, kati ya Pietermaritzburg na Durban, karibu kilomita 90. Zilianza Mei 24, 1921. Siku hiyo waliondoka watu 34, wakamaliza 16. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa askari wa miguu wa Afrika Kusini katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alitaka kumbukumbu ya wenzake waliokufa, na akaona haifai iwe ya jiwe. Iwe ya jasho, ifanane na mwendo walioupitia. Na mwendo wenyewe waliupitia wapi? Hapa. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, nchi ambayo sasa ni Tanzania bara.

Kwa hiyo mchezo huu nilioupenda kupitia video za wazungu milimani una mzizi kwenye udongo wetu. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza, maktabani Dar es Salaam, nilijivuna. Kisha nikamkumbuka babu yake bibi.

Vita vile, kwa upande wa ziwa, vilianza mapema sana. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalitokea Nyasaland na kuingia hadi Songea. Majeshi yanakula, na katika nchi isiyo na reli, yenye mbung'o wanaoua punda na ng'ombe, chakula husafiri kwa kichwa cha mtu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Waliokufa, kwa hesabu yao wenyewe, walizidi 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa.

Babu yake bibi alichukuliwa akashushwa ziwani kubeba mizigo. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua. Bibi husema tu, "Aliteremka."

Viatu nilivyovaa nilivinunua mtumba Kariakoo. Jina hilo limetokana na kambi ya wapagazi wa vita hivyohivyo, Carrier Corps. Si mbali na hapo, mjini, inasimama sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyechongwa ni mtu mwenye bunduki. Nairobi walau wamemchonga na mpagazi pia. Na Comrades, kumbukumbu ya mwendo ule, haikumruhusu rasmi Mwafrika mweusi wala mwanamke kushiriki hadi 1975.

Karibu na kilomita ya 50 nilimsimamisha mtoto wa mama mdogo, nikamwomba mfuko wa maharage. Niliuweka begani. Nilikimbia kidogo, kisha nikatembea. Kilo tano. Mpagazi alibeba ishirini na zaidi, siku baada ya siku, pekupeku. Baada ya kilomita mbili hivi kamba ilikuwa imenichubua shingo, nikamrudishia.

Ziwa lilionekana ghafla, kama anga iliyoanguka kati ya vilima. Joto lilipanda, harufu ya dagaa waliotandazwa juani ikanifikia kabla ya nyumba. Saa nane na nusu mchana niliingiza miguu majini. Hapakuwa na medali. Palikuwa na mama mmoja mzee aliyepokea maharage, akaniuliza kama bibi bado anasumbuliwa na magoti.

Jioni nilipiga simu.

"Shikamoo, bibi. Nimefika."

"Marahaba. Na maharage?"

"Yamefika."

"Uliyabeba?"

Nilinyamaza. "Kidogo," nikasema.

Naye akanyamaza. Kisha akasema, "Kesho panda gari. Wewe urudi."