Juu ya Kuanzisha Makumbusho ya Shule: Bagamoyo na Rufiji

Mtu akitaka kuanzisha makumbusho ya shule, jambo la kwanza aulizwalo ni nyumba. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa vitu vyahitaji paa na mlango wenye kufuli. Lakini liko swali jingine lililo kubwa zaidi, nalo huulizwa mara chache: ni akina nani waliosoma katika shule ile, na maneno yao yamewekwa wapi? Nia ya insha hii ni kulitazama swali hilo kwa mfano wa Bagamoyo, ambako misheni ya Kikatoliki ina makumbusho yake, kisha kushuka kusini hadi Mtunda na delta ya Rufiji, ambako wenyeji nao wana haki ya kujiwekea kumbukumbu ya elimu yao.

Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, kwa idhini ya Sultani Majid bin Said wa Unguja. Kazi yenyewe ilikuwa imetangulia Unguja tangu mwaka 1860, pale mapadre na masista walipofika kutoka kisiwa cha Réunion. Wanafunzi wa kwanza hawakuja shuleni kwa hiari yao. Wengi walikuwa watoto waliotekwa bara, wakauzwa sokoni Unguja, wakakombolewa na mapadre kwa fedha. Wengine walitolewa katika majahazi ya watumwa yaliyokamatwa baharini na manowari za Waingereza. Huko Bagamoyo siku yao iligawanywa kwa kengele: sala, darasa, karakana na shamba. Walijifunza kusoma na kuandika, na pamoja na hayo ufundi na kilimo. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha majengo, yakajengwa upya. Watoto walipokua wakaozwa, wakakaa katika kijiji cha Wakristo. Na mwaka 1877 baadhi yao wakapelekwa bara kuanzisha kituo cha Mhonda.

Nyumba ya Masista, iliyojengwa mwaka 1876, ndiyo yenye makumbusho ya misheni hivi leo. Humo mgeni huona picha za zamani na vyuma vilivyofungiwa watumwa, na husoma habari za misheni na za mji. Karibu na hapo pana mnara wa kanisa la zamani, ambamo maiti ya David Livingstone ililazwa mwezi wa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Pana pia mbuyu mkubwa ulioota ukaumeza mnyororo. Mgeni auonapo mnyororo mahali kama pale, fikira zake huwaendea watumwa mara moja. Lakini mapokeo ya misheni yasema kwamba bibi mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliyewahudumia wagonjwa, ndiye aliyemfunga punda wake hapo. Kisa hiki ni kidogo, ila chafundisha jambo kubwa. Kitu peke yake hakina ulimi. Kikikosa mtu wa kukieleza, kila mtazamaji hukipa maana aliyokuja nayo kutoka kwao.

Na ikiwa hivyo ndivyo ulivyo mnyororo, tusemeje juu ya dawati, au kengele, au picha ya watoto hamsini wasiotajwa jina hata mmoja? Padre aliyesimama kando ya watoto hao twamjua; barua zake zilipelekwa Ulaya, zikachapwa, zikahifadhiwa. Watoto hawakuandika barua, au wakiandika, chache zilitunzwa. Kwa hiyo historia ya shule zetu nyingi ni historia ya walimu. Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watumwa na mwanzo wa Ukatoliki katika Afrika ya Mashariki, alizisoma upya barua hizo za mapadre akiwatafuta wanafunzi ndani yake. Akaona kwamba hawakuwa udongo wa kufinyangwa tu: wako waliotii, wako waliolalamika, na wako waliotoroka. Aliyetoroka naye ni sehemu ya historia ya shule. Makumbusho yamwachayo nje huwa yamesimulia nusu ya habari.

Wala isidhaniwe kwamba maneno ya wanafunzi hayawezi kupatikana kamwe. Miongoni mwa waliokuja na maiti ya Livingstone alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyeokolewa utumwani akasomeshwa katika shule ya misheni ya Kianglikana huko Nasik, Bara Hindi. Kijana huyu aliandika habari za safari ile. Tafsiri ya Kijerumani ilichapwa mwaka 1874, lakini maandiko ya mkono wake, yaliyohifadhiwa Blantyre katika Uskoti, hayakutolewa hadharani hata mwaka 2019. Kwa muda wa karne moja na nusu dunia ilijua sana habari za aliyebebwa, na habari za waliombeba ilizijua kidogo.

Tutazame pia lugha yetu. Padre Charles Sacleux, aliyekaa Unguja na Bagamoyo kuanzia mwaka 1879 hadi 1898, alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka mwaka 1939 na 1941. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiye na deni kwake. Lakini neno halichumwi mtini. Hutoka kinywani mwa mtu. Wako watu wa pwani waliomfundisha Sacleux, nao walistahili kuitwa walimu wake. Makumbusho ya elimu yafaa yawe na nafasi ya walimu wa namna hiyo, hata kama nafasi hiyo ni ubao mtupu unaongoja majina.

Sasa natugeuke kwenda Rufiji. Mtunda si mbali na habari hizi kama mtu awezavyo kudhani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari, wafanyabiashara wa Kilwa waliwaswaga watumwa kwa miguu kuelekea kaskazini. Njia hiyo ya nchi kavu ilikuwa lazima iuvuke Mto Rufiji. Hivyo nchi ya delta yahusika na historia ile ile inayooneshwa Bagamoyo, ingawa yenyewe haina mnara wala ghorofa ya mawe ya kuishuhudia. Huko nyumba ni za miti, udongo na makuti, mto hufurika, na mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wengi wa bondeni walihamishiwa vijiji vipya. Mahali kama hapo, atakayengoja jengo la kale ndipo aanzishe makumbusho atangoja milele.

Basi na aanze kwa majina. Chumba kimoja katika shule ya kijiji chatosha. Na viwekwe humo nakala za madaftari ya mahudhurio, vyeti, mabao ya kuandikia, picha zenye majina nyuma yake, na zaidi ya yote maneno ya wazee yaliyonaswa sauti kwa ridhaa yao. Njia hii si ngeni kwa chuo kikuu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa. Na nchi ya Rufiji, penye Ngarambe ya Kinjikitile, ilikuwa kiini cha habari hizo. Wazee wale leo hawapo. Lau wangengojwa miaka thelathini, mengi wangekwenda nayo kaburini.

Chumba hicho kisiwe cha dhehebu moja. Katika delta, ambako Waislamu ndio wengi, mtoto alijua bao la chuo cha Kurani kabla ya kujua ubao wa misheni au wa serikali. Shule za Kikatoliki ziwe na rafu yao, na humo iandikwe shukrani na malalamiko pia: kwamba shule hizo zilifungua milango mingi, hata Julius Nyerere alifundisha Pugu mpaka mwaka 1955, na kwamba wako wazazi waliohofu mtoto akiingia humo atapotezwa dini ya babaze. Hofu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya serikali itwae shule za mashirika mwaka 1969. Mambo yote mawili ni kweli, na kijana wa Mtunda aweza kuyabeba yote mawili bila kuanguka.

Kazi ya kuanza, basi, si ya waashi. Ni ya mwanafunzi mwenye daftari, akaaye barazani na babu au bibi yake, akimwuliza: nani alikaa upande wako wa kulia darasani, na alikwenda wapi?