Williams: Nusu Karne ya Ukaidi

Mwaka 1977 Frank Williams na mhandisi Patrick Head walipata ghala lililokuwa la mazulia mjini Didcot, Uingereza, wakanunua gari moja la kampuni ya March na kuingia katika mbio za langalanga. Mwaka 2027 timu hiyo inatimiza miaka 50. Imetwaa ubingwa wa timu mara 9, na ni Ferrari na McLaren pekee zilizoipita. Madereva wake wametwaa ubingwa wa dunia mara 7. Imeshinda Grand Prix 114. Ila 113 kati ya hizo ilizishinda kabla ya mwaka 2005. Misimu 21 iliyofuata iliipa ushindi mmoja tu.

Frank, mzaliwa wa South Shields mwaka 1942, hakuwa tajiri wala mhandisi. Alikuwa mchuuzi wa magari ya mbio na vipuri, mtu aliyependa mchezo huu kupita kiasi. Simu yake ilipokatwa kwa sababu ya deni, aliendelea na biashara kwenye kibanda cha simu barabarani. Mwaka 1970 rafiki yake mpenzi, Piers Courage, alifia kwenye moto mjini Zandvoort akiendesha gari la timu yake. Mwaka 1976, madeni yakiwa yamemfika shingoni, timu yake ya awali iliangukia mikononi mwa Walter Wolf, tajiri wa Canada, na Frank akajikuta mtu wa kutumwa mahali alipokuwa bwana. Hakuvumilia. Aliondoka na Head wakaanza upya, na kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata hakukubali mtu wa nje awe na kauli ndani ya nyumba yake. Naamini mafanikio ya Williams na maanguko yake yote mawili yanaanzia hapo.

Fedha za kwanza za maana zilitoka Saudi Arabia, shirika la ndege la Saudia likitangulia. Head akachora gari la FW06, kisha FW07, ambalo sakafu yake ilitengenezwa ili hewa inayopita chini ivute gari lote kwenye lami. Tarehe 14 Julai 1979, Silverstone, Alan Jones alikuwa akiongoza mpaka pampu ya maji ilipomsaliti. Mwenzake Clay Regazzoni akashika usukani wa mbio na kuipa timu ushindi wake wa kwanza. Jukwaani Regazzoni hakugusa shampeni. Kwa heshima ya wadhamini wake Waislamu alisherehekea kwa maji ya machungwa. Mwaka uliofuata Jones akawa bingwa wa dunia na timu ikatwaa taji lake la kwanza. Ikalitwaa tena 1981. Mwaka 1982 Keke Rosberg alichukua ubingwa wa madereva akiwa ameshinda mbio moja tu msimu mzima, jambo linaloonyesha jinsi msimu ule ulivyokuwa wa vurugu.

Tarehe 8 Machi 1986 Frank aliondoka uwanja wa Paul Ricard, kusini mwa Ufaransa, akiendesha gari la kukodi kuwahi ndege mjini Nice. Gari liliacha njia na kupinduka. Alivunjika uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka 43, na tangu siku ile hakutembea tena. Mkewe, Virginia, ndiye aliyepanda jukwaani Brands Hatch mwezi Julai kupokea kombe la timu baada ya Nigel Mansell kushinda. Watu wengi wangestaafu. Frank alirudi kazini kwenye kiti cha magurudumu na kuiongoza timu akiwa hapo kwa zaidi ya miongo mitatu, na mataji 7 kati ya yale 9 ya timu yalikuja baada ya ajali. Sijui kiongozi mwingine wa michezo aliyefanya kazi ya namna hiyo katika hali ya namna hiyo.

Msimu huohuo wa 1986 ulifichua pia tabia iliyokuja kuigharimu timu. Williams ilikuwa na injini kali ya Honda na madereva wawili wasioivana, Mansell na Nelson Piquet. Uongozi haukumwamuru yeyote ampishe mwenzake. Wakagawana ushindi, mpaka mbio za mwisho mjini Adelaide, tairi la nyuma la Mansell lilipopasuka gari likiwa kasi kamili, na ubingwa ukaenda kwa Alain Prost wa McLaren. Piquet alilipata taji 1987, kisha akahama. Honda nayo ilipeleka injini zake McLaren.

Renault ilipokuja 1989, na mbunifu Adrian Newey akafuata 1990, ulianza wakati ambao wapenzi wa langalanga wa rika langu hawawezi kuusahau. Gari la FW14B la mwaka 1992 linastahili kuangaliwa kwa karibu. Gari la kawaida hubebwa na springi na shokapu: likifunga breki, pua inainama, likiingia kona, ubavu unalala, na kila linapoinama, hewa inayolikandamiza chini inapotea. Kwenye FW14B kila gurudumu lilishikwa na mfumo wa haidroliki ulioamriwa na kompyuta. Vihisio vilipima kasi na msukosuko wa gari, kompyuta ikasukuma au kupunguza mafuta ya haidroliki, na gari likabaki limenyooka, sakafu ikiwa kwenye kimo kilekile kutoka lami. Hewa ikafanya kazi bila kukatizwa. Dereva alitakiwa kuliamini gari kuliko hisia zake, maana lilimpa taarifa chache na kumdai ujasiri mwingi. Mansell aliliamini. Alishinda mbio 5 za mwanzo mfululizo na jumla 9 kati ya 16, akaanza nafasi ya mbele kabisa mara 14, na kufikia Agosti, nchini Hungary, tayari alikuwa bingwa. Mwaka uliofuata Prost, safari hii akiwa Williams, akatwaa ubingwa pia. Ilibidi vifaa hivyo vya kielektroniki vipigwe marufuku kuanzia 1994 ili wengine wapate pumzi.

Na 1994 ndio mwaka wa msiba. Ayrton Senna, ambaye Frank alimtamani kwa miaka mingi na aliyempa jaribio lake la kwanza la gari la langalanga mwaka 1983, alijiunga hatimaye. Gari jipya lililopokonywa mfumo wake wa kielektroniki lilikuwa gumu kutawala. Tarehe 1 Mei, katika mzunguko wa 7 pale Imola, liliacha njia kwenye kona ya Tamburello na kugonga ukuta. Senna alifariki siku hiyohiyo. Mahakama za Italia zilishughulika kwa miaka mingi na suala la iwapo mhimili wa usukani ndio uliosababisha ajali. Timu iliweka alama ya Senna kwenye kila gari lake mpaka msimu wa 2021. Huzuni ile haikuizuia kutwaa taji la timu mwaka uleule, wala kuwafanya Damon Hill kuwa bingwa 1996 na Jacques Villeneuve 1997.

Sasa tazama orodha ya mabingwa hao. Piquet alitwaa taji akaondoka. Mansell alitwaa taji akaondoka. Prost alitwaa taji akaondoka. Hill aliambiwa hatakiwi tena kabla hata hajamaliza msimu wake wa ubingwa. Frank na Head waliamini kwamba gari ndilo linaloshinda na dereva ni mwajiriwa kama waajiriwa wengine. Kwa muda mrefu matokeo yaliwaunga mkono, kwa hiyo hawakuona hatari walipoitumia imani hiyohiyo kwa mtu aliyekuwa akiyachora magari. Newey alitaka hisa na sauti katika maamuzi makubwa. Wamiliki wawili hawakuwa tayari kugawana. Akaenda McLaren, na mwaka 1998 McLaren ikawa bingwa. Renault ilikuwa imeondoka pia mwishoni mwa 1997. Tangu hapo Williams haijatwaa taji lolote. Wapo wanaoutaja uhaba wa fedha kuwa chanzo cha yote; mimi nauweka mlango wa anguko kwenye uamuzi huo wa kumwacha Newey aende.

BMW ilikuja 2000 na kuirudishia timu makali kwa muda. Juan Pablo Montoya na Ralf Schumacher walishinda mbio 10 kati yao, na 2003 timu ilimaliza ya pili, pointi 14 nyuma ya Ferrari. Lakini Wajerumani walitaka zaidi ya kuuza injini, walitaka kumiliki. Frank alikataa, na BMW ikainunua Sauber mwaka 2005. Kuanzia hapo Williams ikawa mteja wa injini za watu: Cosworth, Toyota, Cosworth tena, Renault. Wapinzani wake walikuwa viwanda vizima vya magari, nayo ilikuwa kampuni ya familia kijijini Grove.

Ushindi ule mmoja ulipatikana Barcelona tarehe 13 Mei 2012. Pastor Maldonado wa Venezuela, dereva ambaye mafuta ya nchi yake yalimlipia nafasi, alimzuia Fernando Alonso mbele ya mashabiki wake na kushinda. Timu ilikuwa bado imekusanyika ikimsherehekea Frank, aliyetimiza miaka 70 mwezi mmoja kabla, moto ulipolipuka ndani ya gereji. Maldonado alionekana akikimbia kwenye moshi amembeba binamu yake mdogo mgongoni.

Injini za Mercedes zilileta nafuu 2014, na kwa misimu miwili mfululizo timu ilimaliza ya tatu chini ya Claire, binti yake Frank. Mafundi wake walibadilisha tairi za Felipe Massa kwa sekunde 1.92 mjini Baku mwaka 2016. Lakini nafuu ile ilitokana zaidi na injini ya kununua kuliko kiwanda chenyewe. Wenzao walipoipata au kuikaribia injini ile, Williams ilibaki uchi. Mwaka 2018 ilishika mkia kwa pointi 7. Mwaka 2019 gari halikuwa tayari majaribio yalipoanza, likakosa siku mbili na nusu, na msimu ukaisha na pointi 1. Mwaka 2020 hakukuwa na pointi hata moja, mdhamini mkuu aliondoka, na mwezi Agosti familia ikaiuza timu kwa Dorilton Capital ya Marekani kwa euro milioni 152. Mwezi uliofuata, pale Monza, Claire aliiongoza kwa mara ya mwisho. Frank alifariki Novemba 2021, akiwa na miaka 79.

James Vowles, aliyetoka Mercedes mwanzoni mwa 2023 kuja kuiongoza timu, aliukuta ugonjwa wenyewe ndani ya kiwanda. Orodha ya vipande vya gari, takriban 20,000, ilikuwa ikitunzwa kwenye jedwali moja la kawaida la kompyuta. Haikuwezekana kujua kwa haraka kipande kipi kimetengenezwa, kipo wapi na kinahitajika lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kilichopotea kilikuwa muda, bidhaa ghali kuliko zote katika mchezo huu. Machi 2024, Australia, matokeo yalionekana mbele ya dunia nzima. Dereva Alex Albon aligonga gari lake Ijumaa, chasisi yake haikuweza kutengenezwa pale, na timu haikuwa na chasisi ya akiba. Ikamnyang'anya gari lake mwenzake Logan Sargeant, kijana ambaye hakuwa amefanya kosa lolote, na kumpa Albon. Timu yenye mataji 9 ilikwenda upande wa pili wa dunia na kushindanisha gari moja.

Ninachompendea Vowles ni kwamba hakuahidi miujiza. Alisema wazi kwamba atatoa mhanga misimu ya karibu ili ajenge mifumo, mashine na watu. Kikomo cha matumizi kilichoanza 2021 kinamsaidia, kwa kuwa matajiri hawawezi tena kumwaga fedha bila mpaka. Lakini kikomo hicho kilibana pia ununuzi wa mitambo, wakati wakubwa walikuwa wameshajenga yao. Alipigania timu za nyuma ziruhusiwe kuwekeza zaidi, na sehemu ya hoja hiyo ilikubaliwa. Carlos Sainz, mshindi wa mbio akiwa Ferrari, alikubali kuja. Msimu wa 2025 Sainz alipanda jukwaani Baku na Qatar, Albon akakusanya pointi karibu kila mahali katika nusu ya kwanza ya msimu, na timu ikamaliza ya tano kwa pointi 137. Mwaka mmoja kabla ilikuwa ya tisa kwa 17.

Kanuni za 2026, zenye magari mapya na injini ambazo karibu nusu ya nguvu yake ni umeme, ndizo Vowles alizokuwa akizilenga tangu alipofika. Na mwezi Januari mwaka huo gari jipya lilichelewa, timu ikakosa majaribio ya kwanza ya Barcelona, jambo lililowakumbusha wengi aibu ya 2019. Sioni sababu ya kulificha. Kiwanda kilichoachwa nyuma kwa miaka 15 hakinyooki kwa mitatu.

Hukumu yangu ni kwamba Williams itashinda mbio tena kabla ya muongo huu kuisha, lakini ubingwa uko mbali zaidi ya hapo, na utategemea jambo ambalo Frank hakuliweza: kumpa sehemu ya nyumba mtu anayeijenga. Dorilton sasa wana fedha, wana injini ya Mercedes kwa mkataba wa miaka kadhaa, na wana Vowles. Wasije wakamwacha aende.