Pasi Yako Haijakufa, Imekunywa Maji Mabaya

Nianze na kuomba msamaha, wasee. Mwaka jana niliweka video nikisema pasi za mvuke ni utapeli mtupu, zinakufa baada ya miezi sita, heri ununue ile kavu ya bei ya chini ukae na amani yako. Wengi mlikubaliana na mimi. Wakati huo nilikuwa nimeshatupa mbili. Leo narudi kusema nilikosea, na kosa lenyewe limenifunza historia ya mtaa wangu kuliko somo lolote la shule.

Ilikuwa Jumatatu. Mdogo wangu alikuwa anaanza atachimenti mjini. Blauzi nyeupe ilikuwa imefuliwa Jumamosi, ikaanikwa juani, ikatoka safi kabisa. Saa kumi na mbili asubuhi akaitandaza mezani, akaweka pasi juu yake, akaminya kitufe cha mvuke. Pasi ikakohoa. Badala ya mvuke ikatema maji mekundu kama chai ya rangi, moja kwa moja kifuani. Hana blauzi nyingine nyeupe. Alikaa kitandani akalia, na mimi nikasimama pale sina la kusema, kwa sababu ile pasi nilinunua mimi. Ilikuwa ya tatu.

Shosho alitoka chumbani, akaangalia, hakuuliza kitu. Alileta blauzi yake ya kanisa, akamwaga maji yote yaliyokuwa ndani ya pasi, akazima mvuke, akalowesha kitambaa safi na kukikamua, akakilaza juu ya blauzi na kupitisha pasi polepole. Mvuke ukapanda. Msichana akaondoka saa kumi na mbili na nusu, blauzi ni kubwa lakini imechomekwa vizuri, huwezi kujua. Shosho alipomaliza akaniambia, "Nyinyi mnafikiri pasi ni moto. Pasi ni maji, mjukuu wangu."

Hiyo sentensi ilinikaa kichwani wiki nzima.

Tuelewe kwanza alimaanisha nini. Nguo ya pamba hujikunja kwa sababu nyuzi zake zimeshikana zikiwa zimepinda. Maji yanalegeza ule mshiko, moto unazikausha, uzito wa pasi unazishikilia zikiwa zimenyooka. Ukipiga pasi nguo kavu kabisa, utasukuma mikunjo huku na kule mpaka uchoke. Kwa hiyo tangu zamani mpiga pasi mzuri alikuwa mtu anayejua kuweka maji, kiasi gani na wakati gani.

Pasi ya guka bado tunayo hapa Jericho. Siku hizi kazi yake ni kuzuia mlango usijifunge na upepo. Ni ya makaa, sanduku la chuma zito lenye mfuniko, na ukiiona utaelewa kwa nini Wakenya tunasema "aironi boksi" mpaka leo, ilhali hizi za plastiki hazina boksi lolote. Mbele kuna kishikizo cha kufungia mfuniko, kimetengenezwa kwa umbo la jogoo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jogoo wa KANU, au amewekwa kwa sababu tunakaa karibu na Jogoo Road. Hapana. Pasi za jogoo zilitumika mbali sana na hapa, hadi Indonesia. Na hiyo Jogoo Road yenyewe kabla ya uhuru ilikuwa Doonholm Road.

Ile pasi haina tanki ya maji. Tanki ilikuwa mdomo wa mtu. Unajaza maji mdomoni, unayapuliza juu ya nguo yatoke kama ukungu, kisha unapitisha pasi. Suruali ya sufu inalazwa chini ya kitambaa chenye unyevu, kama vile shosho alivyofanya ile Jumatatu. Yaani mvuke ulikuwepo kabla ya pasi ya mvuke, ila ulitoka kwa mtu.

Guka alikuwa anaujua huo mchezo kwa sababu ilikuwa kazi yake. Alifika Nairobi mwaka wa 1961 akaajiriwa kwenye nyumba ya Mzungu kufua na kupiga pasi. Waliitwa "boi" hata wakiwa na watoto wanne. Kazi za ndani, kupika, kufua, kunyoosha mashati, ndizo wanaume wengi Waafrika walipata katika Nairobi ya mkoloni. Hata neno dobi tumelipata kutoka India, dhobi. Wale waliomtangulia guka walipitia enzi ya kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi zake za kazi, na wengi walizining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Guka alisema hao wazee ndio walimfundisha kwamba polisi anasoma shati kabla ya kusoma karatasi. Shati likiwa limejikunja, utaeleza mengi. Kwa hiyo siku sita alipiga pasi mashati ya mtu mwingine, na la kwake alilipiga Jumamosi usiku. Alipopata nyumba hapa, katika mtaa uliojengwa na kaunsili mwanzoni mwa miaka ya 1960, alinunua kitanda, halafu akanunua hiyo pasi.

Ndiyo maana sasa nikifikiria vile nilivyocheka kwenye ile video, naona aibu kidogo.

Pasi ya umeme ni ya zamani kuliko mji wetu. Henry Seeley wa New York aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka wa 1882, na reli ilifika Nairobi 1899. Umeme ulianza kuuzwa hapa na Mombasa karibu mwaka wa 1908, na 1922 kampuni za miji hiyo miwili zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Lakini stima kufika mjini na stima kufika kwako ni mambo mawili tofauti. Nyumbani kwetu pasi ya umeme iliingia miaka ya 1980. Kabla ya hapo makaa yalikuwepo tayari, yanatolewa tu kwenye jiko baada ya kupika.

Pasi ya mvuke nayo ilianza kuuzwa New York mwaka wa 1926 na kampuni iliyoitwa Eldec. Alichofanya mvumbuzi ni kuchukua mdomo wa mpiga pasi na kuuweka ndani ya chuma. Na hapa Kiswahili chetu cha Kenya kinatutania. Stima mwanzo ilikuwa meli ya mvuke, neno la Kiingereza lililoingia kupitia baharini. Baadaye tukalihamishia kwa umeme. Kwa hiyo ukisema "pasi ya stima" unataja mvuke bila kujua, hata kama pasi yenyewe ni kavu.

Sasa shida iko hapa. Aliyebuni pasi ya mvuke alikuwa anafikiria nyumba ambayo ukifungua mfereji maji yanatoka, leo na kesho, ni yale yale. Mimi sikai kwa hiyo nyumba. Wewe pia labda hukai.

Nairobi ni jina la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Mji uliozaliwa kandokando ya maji ukakua mpaka yakawa hayatoshi, ikabidi yafuatwe milimani. Bwawa la Sasumua lilikamilika 1956. Ndakaini, kule Murang'a, likakamilika 1994, nalo linabeba mita za ujazo milioni 70. Maji yanashuka kutoka Aberdare kwa mteremko tu. Ni maji ya mvua na mito ya mlimani, hayana chumvi nyingi, na pasi inayapenda. Lakini mvua ikikosa, bwawa linashuka na mgao unaanza, kama ilivyokuwa mwaka wa 2017. Wiki ya mgao mtaani unaijua: madramu yamejaa uani, mitungi imepangwa mlangoni, na jamaa wa mkokoteni anauza maji ya boholi.

Kumbe pasi yetu ilikuwa inakunywa haya yote.

Nilijua hivyo kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Aliigeuza pasi, akaingiza sindano kwenye tundu moja la chini, akakwaruza. Unga mweupe ukaanguka juu ya gazeti. Kisha tone jekundu likafuata. Akaniuliza, "Kijana, mnatumia maji gani?" Nikamwambia yoyote yanayopatikana. Akaonyesha ule unga, "Hii ni boholi." Akaonyesha tone, "Na hii ni kutu ya mabomba." Maji yakirudi baada ya mgao, yale ya kwanza kabisa hutoka mekundu kwa sababu yanasomba kutu iliyokaa kwenye mabomba ya zamani. Na sisi tukiona tu mfereji umerudi tunakimbia kujaza kila kitu, mpaka pasi.

Alinieleza inavyofanya kazi, na ni rahisi kuliko nilivyodhani. Juu kuna tanki. Chini ya tanki kuna kitundu kidogo chenye valvu kinachodondosha maji tone kwa tone kwenye chumba kilicho juu ya bamba la moto. Tone likigusa bamba linageuka mvuke papo hapo na kutoka kwa matundu ya chini. Maji yanaondoka, lakini chumvi haiondoki. Inabaki na kuganda, siku baada ya siku, mpaka inaziba njia au inaizuia valvu isifunge. Ikiziba, hupati mvuke. Valvu isipofunga, maji yanadondoka. Magonjwa mawili, chanzo kimoja.

Halafu kuna ugonjwa wa tatu, ambao ni haraka yetu. Ukiminya mvuke kabla bamba halijapata moto, lile tone haligeuki. Linatoka maji. Kwa hiyo kabla ya kulaumu pasi, angalia kile kidude cha kuzungusha. Kitone kimoja ni moto mdogo wa nailoni, viwili ni wa sufu na hariri, vitatu ni wa pamba. Pasi nyingi zinahitaji kuanzia viwili ndipo mvuke utoke. Subiri taa izime kwanza.

Kuisafisha nako si siri. Kama ina kitufe cha kujisafisha, jaza maji safi, weka moto wa juu kabisa, subiri taa izime, chomoa plagi, ishikilie juu ya karai, bonyeza hicho kitufe huku ukiitikisa taratibu. Yatatoka maji ya moto, mvuke na takataka nyeupe, kwa hiyo weka mikono mbali. Rudia mpaka yatoke masafi, kisha ipitishe juu ya kitambaa kikuukuu kabla ya kugusa nguo ya maana. Matundu ya chini yafute ikiwa baridi, kwa pamba iliyochovya siki kidogo. Usiizamishe kwenye maji. Usiichokonoe ikiwa kwenye soketi, hii ni volti 240.

Kumwaga siki ndani ya tanki ni mambo ya kuuliza kijitabu cha maelekezo kwanza, kwa sababu pasi nyingi zimekatazwa na siki inaweza kula mipira ya ndani. Maji ya betri pia achana nayo. Kuchemsha maji hakutoi chumvi yote. Dawa ni kutumia ya mferejini yaliyotulia, uache yale mekundu ya kwanza yapite. Ukibaki na boholi peke yake, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa ya dukani, au zima mvuke utumie kitambaa cha shosho. Ukimaliza, mwaga yaliyobaki na uisimamishe wima.

Fundi alinitoza mia mbili. Pasi mpya ingenila elfu tatu, na ingekufa vile vile, kwa maji yale yale.

Nilipofika nyumbani shosho alikuwa ameshughulikia blauzi. Alikuwa ameikamulia ndimu, akanyunyiza chumvi juu ya doa na kuiacha juani, kisha akaisuuza. Doa lilikuwa limefifia mpaka unalitafuta. Baadaye nikajifunza kwamba asidi inayotoa kutu kwenye nguo nyeupe ndiyo ile ile iliyo kwenye unga wa ndimu, na ndiyo inayotumika kuyeyusha ule ugumu mweupe kwenye mabirika. Shosho hajui jina lake la kisayansi. Hajawahi kulihitaji.

Mdogo wangu aliivaa ile blauzi Jumatano, na sasa amemaliza miezi miwili huko ofisini. Kila Jumapili jioni namwona anamwaga maji ya pasi kwenye sinki, anaisimamisha kwenye rafu. Mimi sijasema kitu.

Kwa hiyo, nyinyi mlionifuata kwenye ile video: kabla ya kutupa, angalieni maji. Na umuulize mtu mzee wa kwenu alikuwa anapigaje pasi. Na zile mbili nilizotupa nyuma ya nyumba, kama ni wewe uliziokota, zisafishe. Naamini zinafanya kazi.